Upande wa Kushoto

Kinyala, Tukuyu
4 Machi 1996

Binti yangu Winfrida,

Marahaba. Barua yako ilikaa posta siku tisa kwa sababu sikuweza kwenda mjini. Mvua ya mwaka huu haipumziki, na barabara ya Kinyala ni matope matupu. Nimeisoma mara mbili. Umeandika kwamba ulikuwa "bize". Bize si neno. Andika kwamba ulikuwa na shughuli nyingi. Nimefundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na miwili, na sitaki mtoto wangu aandike kama kondakta.

Sasa nakupa habari ya nyumbani. Mama yako ana ugonjwa wa moyo. Usishtuke, anatibiwa. Tangu mwaka juzi alikuwa akilalamika kwamba moyo unamwuma, na Novemba nilimpeleka mjini kwenye zahanati mpya ya mtu binafsi. Zamani, kabla ya ruhusa hii ya kila mtu kufungua chake, tungepanga foleni kutwa. Daktari ni mgeni katika wilaya hii, nawe unakijua Kiswahili cha mama yako: akianza kueleza jambo, nusu yake ni Kinyakyusa. Kwa hiyo nilimwandikia daktari barua ya aya tatu, nikaeleza dalili zote kwa utaratibu. Alisema ni nadra kupata maelezo safi namna ile. Alimpima presha, akaikuta juu kidogo, akatoa vidonge vya moyo na aspirini ya kila siku. Mimi ndiye msimamizi. Kila siku baada ya chakula cha mchana anameza mbele yangu.

Amepungua mwili, lakini daktari alisema mgonjwa wa moyo akipungua ni vizuri.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako,
Nsajigwa

*

Dar es Salaam
25 Machi 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimepokea barua yako nikiwa na shughuli nyingi. Natumaini hapo nimepata alama.

Baba, habari ya Mama imenikosesha raha. Mwaka huu maabara yetu inachunguza magonjwa ya tumbo. Kutwa nzima niko kwenye darubini nikitazama vipande vidogo vya matumbo ya watu, kwa hiyo labda naona tumbo hata pasipo na tumbo. Lakini nakumbuka nilipokuwa mdogo Mama alikuwa akijilaza kifudifudi na mto chini yake, akiukandamiza, mpaka uji uive. Akishakunywa uji, anainuka na kwenda shambani. Moyo hautulizwi na uji.

Naomba umwulize mambo mawili. Je, maumivu humjia akipanda mlima, au akiwa na njaa? Na je, ni moyo wenyewe, au ni chembe ya moyo, pale mbavu zinapokutana? Mwambie aoneshe kwa kidole kimoja, si kwa kiganja.

Mwanao,
Winfrida

*

Kinyala
20 Aprili 1996

Winfrida,

Marahaba. Chembe unayoitaja iko katika ngeli ya KI-VI. Tunasema "chembe cha moyo", wingi "vyembe vya moyo". Ukisema "chembe ya moyo", unazungumzia punje ya moyo, kitu ambacho hakipo.

Nimemwuliza mama yako. Ameonesha kifua.

Habari ya vidonda vya tumbo naijua. Vinaletwa na mawazo, na nyumba hii haina mawazo. Hatugombani, hatudaiwi, na majani ya chai yanachukuliwa kila wiki, ingawa hatujui kiwanda atauziwa nani. Zaidi ya hayo, nina habari njema. Maumivu yametulia. Yale ya kuchoma aliyokuwa akiyalalamikia yamekwisha kabisa tangu Pasaka. Siku ya soko alipanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani mpaka barabarani bila kupumzika. Dawa ya moyo imefanya kazi yake.

Baba yako,
Nsajigwa

*

Dar es Salaam
13 Mei 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kwa masahihisho ya chembe.

Mtu mwenye ugonjwa wa moyo anapanda mlima wa Kinyala na mkungu kichwani bila kupumzika? Baba, hilo lenyewe ni jibu, wala si jibu ninalolipenda. Kuhusu maumivu kutulia, ningependa kufurahi pamoja nawe. Niambie kwanza: anamaliza sahani yake?

Winfrida

*

Sokoni, Tukuyu
8 Juni 1996

Mwanangu Winfrida,

Hujambo? Mimi mama yako, Agness. Anayeandika ni Zakia, fundi cherehani wa hapa sokoni, yule ambaye babu yake alitoka Bagamoyo na mashine kichwani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno. Barua zote ulizopata za "mama yako anakusalimu" ziliandikwa na baba yako. Kweli nilikuwa nakusalimu, lakini nilikuwa na mengine.

Nimekuja kupunguziwa gauni la kwaya. Zakia alilipunguza Krismasi, akalipunguza Pasaka, leo amekataa. Kasema, "Mama Winfrida, nguo hii haina kasoro. Kasoro iko kwa aliyemo ndani." Basi ndiyo nikakaa kwenye stuli yake na kusema.

Maumivu yangu hayako moyoni. Kwetu, mama zangu wakiumwa hapa katikati, chini ya mfupa wa kifua, walisema indumbula inauma. Indumbula ni moyo. Kwa hiyo nikasema moyo. Lakini kidole nilikiweka pale panapouma. Baba yako akaniambia, "Agness, moyo hauko hapo." Nikamwambia, haya, wewe ndiye mwalimu.

Ni maumivu ya zamani, hata hujazaliwa. Nikiwa na njaa yanachoma, nikila ndizi mbili yanalala. Nilikuwa natafuna vile vidonge vyeupe vya kiungulia kutoka duka la dawa la Husseni, mume wa Zakia. Tangu Pasaka hayachomi tena, na baba yako amefurahi sana. Lakini chakula sasa hakipiti. Nikila matonge matatu nimeshiba kama nimetoka harusini. Juzi nilitapika maharage ya jana yake. Na choo changu ni cheusi kama lami. Hayo baba yako hayajui. Nitamwambia saa ngapi mtu aliyesimama na kidonge mkononi, anaangalia saa?

Usimgombeze. Anamenya ndizi mwenyewe siku hizi ili nisiiname.

Mama yako,
Agness

Dada Winfrida, mimi Zakia naongeza langu. Husseni anasema angejua kwamba Mama anavitafuna kila siku, angemwuliza. Nimemwambia angejuaje, na yeye anauza huku sikio liko kwenye redio. Mama yako hapa amekaa wima kwa adabu tu. Usichelewe.

*

Dar es Salaam
19 Juni 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naituma barua hii kwa dereva wa basi ili ikufikie haraka. Tafadhali Mama aache aspirini leo, kabla hujamaliza kusoma. Halafu umlete Dar es Salaam. Nimezungumza na daktari wa hapa; atampokea siku yoyote mtakayofika.

Sasa nivumilie nieleze, kama ulivyokuwa ukinisimamisha mbele ya darasa.

Kuna bakteria anayeishi ndani ya ute unaofunika ukuta wa tumbo. Zamani madaktari walifundishwa kwamba hakuna kiumbe kinachoweza kuishi katika asidi ile. Huyu anaishi, kwa kuwa hutengeneza kitu cha kupooza asidi iliyomzunguka. Mtu humpata akiwa mtoto, mara nyingi nyumbani kwao, kwa watu anaokula na kunywa nao, na asipotibiwa huzeeka naye. Wengi wetu tunaye wala hatusikii lolote. Baadhi hupata vidonda. Mawazo hayavisababishi, Baba, ingawa nami nilifundishwa hivyo.

Na wachache, wachache sana, huenda mbali zaidi. Ukuta wa tumbo huvimba na kujitengeneza, huvimba na kujitengeneza, kwa miaka thelathini au arobaini. Mwishowe hukonda. Asidi hupungua, na kwa wengine hata kule kuchoma hupungua, mtu akadhani amepona. Wakati huo chembe hai za ukuta zinaanza kubadilika sura, na siku moja baadhi yake zinaota bila kutii mpaka. Hiyo ni saratani. Miaka miwili iliyopita wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walimweka bakteria huyu katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ndiyo maana habari yako njema ya Aprili haikunifurahisha.

Sisemi kwamba Mama amefika huko. Anaweza kuwa na kidonda tu kinachovuja damu, na aspirini inakikwaruza. Kidonda tunakiponya kwa wiki mbili. Lakini hakipimwi kwa barua. Mlete.

Winfrida

*

Kinyala
27 Juni 1996

Binti yangu,

Aspirini ameacha. Tutaondoka Jumanne. Nimewaachia majirani ng'ombe.

Kuna jambo nililokuficha. Aya ya kwanza ya barua yangu kwa daktari ilisema: "Mgonjwa ana maumivu ya moyo, upande wa kushoto wa kifua." Mama yako hakusema kushoto. Neno hilo nililiongeza mimi. Nilifundisha sayansi darasa la sita, na moyo uko kushoto. Niliona sentensi isiyotaja mahali ni pungufu, nikaikamilisha. Daktari alimwuliza mama yako, "Ni hapa kushoto?" Naye aliniangalia mimi kwanza, kisha akaitikia.

Na uliponiagiza kidole kimoja, alikiweka katikati, chini kabisa ya kifua. Nilikuandikia "kifua". Si uongo wa kisarufi.

Sijamwambia yeye neno lolote kuhusu saratani. Nawe usimwambie.

Baba yako,
Nsajigwa

*

Dar es Salaam
14 Agosti 1996

Dada Zakia,

Salamu kwako na kwa shemeji Husseni. Nakuandikia wewe kwa sababu sina mtu mwingine huko ambaye ataniambia mambo yalivyo.

Walimwingiza Mama mpira wenye taa kupitia mdomoni mpaka tumboni, wakachukua vipande vidogo vya nyama ya ukuta wake. Vipande huja kwetu maabara vikiwa na namba, bila jina. Nilikuwa naijua namba. Mwenzangu aliniambia, "Winfrida, kioo hiki cha darubini niachie mimi." Nilikitazama mwenyewe. Bakteria walikuwepo pembeni, mahali palipobaki pazima. Katikati hapakuwa na haja ya kuwatafuta.

Walimfungua tarehe thelathini Julai ili waondoe sehemu ya tumbo, wakakuta saratani imeshafika kwenye ini. Wakamfunga. Daktari alisema arudi nyumbani akapumzike.

Walimpima na Baba pia, kwa kuwa nilisisitiza. Anaye bakteria yule yule na ukuta wake umevimba, lakini haujabadilika. Yeye anaweza kupona kabisa. Amepewa dawa za siku kumi na nne: za kuua bakteria na ya kupunguza asidi. Alizipokea, akazitia mfukoni.

Wataondoka Ijumaa. Mama ameambiwa kwamba kidonda kimesafishwa. Ni amri ya Baba, na mimi nimechoka, Dada Zakia, sikuwa na nguvu ya kubishana naye. Wapitie siku za soko zikiisha. Nitazamie na Baba vilevile.

Winfrida

*

Kinyala
15 Septemba 1996

Binti yangu,

Tulifika salama. Mama yako yuko kitandani muda mrefu wa siku. Anakunywa uji mwepesi na maziwa, vijiko vichache. Zakia huja kila mwisho wa wiki, na hunena kwa sauti kubwa mno kwa nyumba yenye mgonjwa, lakini mama yako hucheka.

Naomba unitumie dawa nyingine kama zile nilizopewa. Nitakueleza sababu. Uliniandikia kwamba asili ya ugonjwa huu ni bakteria. Nilifikiri sana katika basi. Ikiwa mzizi ni bakteria, basi mzizi ukikatwa, kilichoota juu yake kitakauka. Kwa hiyo tangu tulipofika nimekuwa nikimpa mama yako zile dawa zangu, asubuhi na jioni, kwa saa zilezile zilizoandikwa. Zimekwisha na hali haijabadilika. Labda mwili wake unahitaji mzunguko wa pili.

Mimi sina haja nazo. Siumwi.

Baba yako,
Nsajigwa

*

Dar es Salaam
26 Septemba 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne.

Baba, dawa ile haiwezi. Ingeweza miaka ishirini iliyopita, labda hata kumi, kama tungejua na kama ingekuwepo. Bakteria ndiye aliyeanzisha, lakini saratani ikishaota haimhitaji tena. Ukimwua leo, yenyewe inaendelea. Hata hao bakteria wenyewe wameshapungua kwa Mama, kwa sababu tumbo lililobaki haliwafai. Ulichompa kimemletea kichefuchefu bure. Naandika hivi kwa ukali kwa sababu nikiandika kwa upole utaniomba mzunguko wa tatu.

Na usiseme huumwi. Mama pia kuna miaka alibeba ndizi akasema haumwi. Nilikiona kioo chako kama nilivyokiona chake. Chako ni chake cha zamani.

Paketi ninayoituma kwa dereva ni yako peke yako. Siku kumi na nne, bila kuruka hata moja, hata mdomo ukiwa na ladha ya chuma. Wiki nne baada ya kumaliza utakuja tukupime tena. Ukimpa mtu mwingine hata kidonge kimoja, zote zimepotea.

Nakuomba, Baba. Sijawahi kukuomba jambo lingine kama hili.

Winfrida

*

Kinyala
10 Oktoba 1996

Mwanangu Winfrida,

Ni mimi, Mama. Leo Zakia kanifuata nyumbani na kalamu, maana soko siliwezi.

Barua yako ya ukali nimeisoma. Baba yako aliiacha juu ya meza, akaenda kukamua ng'ombe, na mimi si kipofu. Kusoma najua, kuandika ndiko nilikomwachia yeye, nikakosea.

Nilijua zamani. Mtu akifunguliwa tumbo kwa saa nzima na watu wanarudi hawamwangalii usoni, anajua. Nilinyamaza kwa ajili ya baba yako. Na vidonge vyake nilivimeza kwa ajili yake. Alikuwa akiniletea na kikombe cha maji, ananitazama koo mpaka vipite, halafu anakaa kwenye kiti anapumua kama mtu aliyetua mzigo. Ningemnyimaje? Vilikuwa vinanichafua roho siku nzima. Nilivimeza.

Lakini sikujua vilikuwa vyake. Hapo ndipo nilipokasirika. Nimemwita. Nikamwambia, "Nsajigwa, kaa." Mwaka wa arobaini wa ndoa sijawahi kumwita hivyo, namwita Mwalimu. Akakaa. Nikamwambia, "Ulininywesha dawa ya moyo wakati siumwi moyo, nikanywa. Ukaninywesha dawa yako wewe, nikanywa. Sasa zamu yangu." Akasema, "Agness, mimi ndiye niliyekuua." Nikamwambia aache ujinga. Daktari kasema kitu hiki kilikuwa kinanila tangu ujana, na mimi na yeye tulikuwa hatujaonana. Kweli si kweli, Zakia? Zakia anasema ni kweli. Yale ya kushoto alikosea, na nimeshamwambia alikosea. Sasa hataki dawa kwa sababu anataka tufe mguu kwa mguu. Mimi sitaki mtu wa kunifuata. Nataka mtu wa kukupokea ukija nyumbani.

Ameanza Jumatatu. Asubuhi na jioni analeta zote kwangu, na mimi ninashika kikombe. Nikishindwa kushika, Zakia akiwepo ananishikia mkono. Anakunja uso kama mtoto wa chekechea; anasema mdomo wake una ladha ya sarafu. Nikamwambia, "Meza, ninaangalia saa." Zakia amecheka mpaka wino umemwagika, utaona doa.

Siku ya kumi na nne ni Jumapili ya wiki ijayo. Nimejipangia kufika.

Usije mbio. Njoo kwa utaratibu.

Mama yako,
Agness

Dada, mbio ni afadhali. Zakia.

*

Kinyala
5 Novemba 1996

Binti yangu Winfrida,

Natumaini ulifika salama na umerudi kazini. Nyumba imetulia. Mashangazi zako waliondoka juzi.

Ulipokuwa hapa hukuniuliza, wala mimi sikuwa na nguvu ya kueleza. Nakujibu sasa, kwa kuwa najua ulikuwa unataka kuuliza.

Mama yako alituacha siku ya Ijumaa alfajiri. Ilikuwa siku ya kumi na mbili ya dawa. Alhamisi jioni alikishika kikombe mwenyewe. Jumamosi asubuhi, wewe ukiwa bado njiani, ua ulikuwa umejaa: wanakwaya, wazee wa kanisa, walimu wenzangu, wafanyabiashara wa sokoni. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka katikati ya wanaume. Ijumaa yote sikugusa dawa, wala sikukusudia kuigusa tena. Zakia akatoka jikoni, akapita katikati ya wazee bila kuomba njia, akasimama mbele yangu na kikombe cha maji na kile kikaratasi cha vidonge.

Akasema, mbele ya watu wote, "Mwalimu, za jana hukumeza. Mama Winfrida aliniachia kazi, na mimi siachi kazi ya mtu."

Mzee mmoja akamwambia, "Mama, mwache mfiwa."

Akamjibu, "Mfiwa nitamwacha akishameza."

Nilimeza, watu wakitazama. Nilimeza na jioni, na kesho yake, siku tuliyomzika. Kwa kuwa niliruka siku moja, Husseni alinishauri niongeze siku moja mwishoni kwa zile zilizobaki. Nilifanya hivyo. Kama ni kosa, niambie.

Ulisema wiki nne. Niandikie tarehe. Nitakuja peke yangu.

Baba yako,
Nsajigwa